Mto Uliofagiliwa hadi Ukakosa Samaki

Katika miaka ya 1950 na 1960, maofisa wa samaki wa majimbo ya Oregon na Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani, walikuwa na hakika moja ambayo hakuna aliyeona haja ya kuijadili: gogo lililolala mtoni ni adui wa samoni. Hoja yao ilieleweka hata kwa mtoto. Samoni hutoka baharini akapanda mto kwenda kutaga. Rundo la magogo likiziba mto, samaki atakwama. Basi wakatuma vibarua wenye misumeno, wakatuma matingatinga, na palipokuwa na rundo sugu wakalilipua kwa baruti. Kijito baada ya kijito kikafagiliwa, maji yakabaki yanapita moja kwa moja juu ya mawe. Waliofanya hivyo hawakuwa wachimba dhahabu wala wenye viwanda vya mbao, watu ambao historia imezoea kuwalaumu. Walikuwa ndio walinzi wa samaki, na jioni walirudi majumbani wakiamini wametenda wema.

Leo, katika mabonde ya eneo hilohilo, fedha za serikali zinalipia helikopta zinazorudisha magogo mtoni. Kutoka kwenye baruti hadi kwenye helikopta ilichukua kama nusu karne, na sehemu kubwa ya mageuzi hayo ilitokea ndani ya bonde moja la Oregon, bonde la mto McKenzie.

Tumjue kwanza samaki mwenyewe. Samoni wa Bahari ya Pasifiki huzaliwa katika maji baridi ya mto, huenda baharini kukua, kisha hurudi mtoni kwao, akataga mara moja na kufa. (Watu wa Nyeri wana ndugu yake karibu: trauti anayefugwa Kiganjo ni wa ukoo huohuo, na asili yake ni mito ya magharibi mwa Amerika ya Kaskazini.) Jike akifika mahali panapomfaa hulala ubavu, akaipiga changarawe kwa mkia mpaka achimbe shimo. Humo hutaga mayai elfu kadhaa, dume akayarutubisha, naye jike akayafukia. Mayai hukaa chini ya changarawe kwa miezi, yakiishi kwa oksijeni inayoletwa na maji yanayopenya kati ya kokoto. Tope laini likijaa humo, yanakosa hewa na kufa. Na mawe yakiwa makubwa mno, jike hawezi kuyasogeza, kwa hiyo hachimbi kabisa.

Wakishaanguliwa, vifaranga wana mahitaji tofauti na ya mama yao. Wanataka maji ya polepole, yenye kivuli, wadudu wa kula na vichaka vya kujifichia ndege. Samoni wa aina ya coho hukaa mtoni mwaka mzima au zaidi kabla ya kuelekea baharini, na mtihani wake mkubwa ni mafuriko ya kipupwe. Kifaranga mwenye urefu wa kidole hawezi kushindana na mto uliofura. Asipopata kona iliyotulia, anasombwa. Samoni wa aina ya Chinook wanaopanda mto McKenzie wakati wa kuchipua majani huwa na haja nyingine tena: huingia mapema, hujificha kiangazi kizima katika vidimbwi virefu vyenye maji baridi, na hutaga Septemba na Oktoba. Samaki huyo mmoja, basi, hawezi kuishi katika mto wa sura moja. Anahitaji changarawe hapa, kidimbwi kirefu pale, vijia vya pembeni, na kinamasi nyuma yake.

Na sura hizo zote, katika nchi ya misitu, hutengenezwa na gogo. Msonobari mkubwa ukianguka mtoni pamoja na mizizi yake, maji hulazimika kuuzunguka. Upande mmoja yanapata kasi na kuchimba kidimbwi. Nyuma ya mizizi yanachoka na kutua changarawe. Magogo mengine yakija hunasa hapohapo, matawi na majani yakaziba mianya, maji yakapanda na kumwagika kando, yakakata njia mpya msituni. Mto wa namna hiyo hauna kingo mbili zinazotazamana. Una matawi kumi, baadhi yakiwa na maji mwaka mzima na baadhi yakifufuka wakati wa mvua tu. Mtu wa kawaida akiutazama anaona fujo.

Fujo hiyo ndiyo iliyofagiliwa, na haikufagiliwa siku moja.

Wa kwanza kuondolewa walikuwa biva, wanyama wagugunaji wanaokata miti kwa meno na kujenga mabwawa ya fito na matope. Manyoya yao yalitengenezewa kofia Ulaya. Kampuni ya Kiingereza ya Hudson's Bay, chini ya George Simpson, iliona kwamba Wamarekani wataingia kutoka mashariki kuitwaa nchi, ikaamua kuwaachia jangwa. Kati ya 1824 na 1830 Peter Skene Ogden aliongoza misafara ya wategaji katika nchi ya mto Snake kwa amri ya kumaliza biva wote, pasibaki hata wa mbegu. Ni nadra kukuta katika historia uharibifu wa mazingira uliopangwa waziwazi namna hiyo, kwa sababu za mpaka na siasa. Biva alipoondoka mabwawa yake yalioza, vinamasi vikakauka, na vijito vikaanza kuchimba chini.

Baada yao wakaondolewa watu. Wakalapuya na Wamolala walikuwa wamevua na kuwinda katika bonde la Willamette na vijito vyake kwa maelfu ya miaka. Mikataba ya 1855 iliwanyang'anya ardhi, na wengi wao wakapelekwa katika hifadhi ya Grand Ronde. Walowezi waliochukua nafasi yao walitaka mambo mawili ambayo mto wenye matawi kumi hauwezi kuyatoa: shamba kavu na njia ya meli. Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani kikaleta meli za kung'oa visiki. Kati ya 1870 na 1950, visiki na miti ya kandokando zaidi ya 65,000 iling'olewa katika mto Willamette. Matawi ya pembeni yakazibwa ili maji yote yapite katika mkondo mmoja wa meli. Katika kipande kimoja cha mto huo, chini ya mahali unapokutana na McKenzie, urefu wa kingo ulipungua kwa takriban mara nne kati ya 1854 na 1967. Fikiria maana yake kwa samaki ambaye maisha yake ya utotoni ni maisha ya ukingoni.

Katika vijito vya milimani, ambako meli hazifiki, kazi ilifanywa na magogo yenyewe. Wakata mbao wa pwani ya Oregon, tangu miaka ya 1880, walijenga mabwawa ya mbao juu kabisa ya kijito. Maji yakijaa, na magogo yakishajazwa bwawani na chini yake, lango lilifunguliwa ghafla. Ukuta wa maji na mbao ukashuka bondeni ukiburuta kila kitu: changarawe, mizizi, mayai yaliyofukiwa, mpaka pakabaki mwamba mtupu. Kabla ya kufungua, wafanyakazi walitangulia kulipua mawe makubwa na kuondoa magogo ya zamani ili shehena isikwame njiani. Kijito kimoja kingeweza kupigwa hivyo mara nyingi kwa msimu. Oregon ilipiga marufuku mabwawa hayo mwaka 1957, wakati malori na barabara za msituni zilikuwa zimekwisha kuyafanya yasihitajike.

Kwa nini hakuna aliyepiga kelele? Sehemu ya jibu ni kwamba watu waliamini samaki anaweza kutengenezwa. Mwaka 1872 Livingston Stone alianzisha kituo cha kukusanyia na kuangulia mayai ya samoni kwenye mto McCloud, California, na baada yake vituo vya aina hiyo vikaenea kila mahali. Ikiwa mamilioni ya vifaranga wanaweza kutoka kwenye trei, mto una kazi gani zaidi ya kuwasafirisha kwenda baharini? Wazo hilo lilishika mizizi kiasi kwamba hata leo halijang'oka kabisa, na nathubutu kusema limewadhuru samoni kuliko nyavu nyingi, kwa sababu liliwapa watu ruhusa ya kutoutazama mto.

Hapo ndipo wanapoingia maofisa wetu wenye misumeno. Ukataji wa misitu baada ya Vita vya Pili vya Dunia ulikuwa umejaza vijito vingi mabaki ya mbao: matawi, vipande, maganda. Marundo hayo hayakuwa ya asili, na baadhi yake kweli yaliwazibia samaki njia. Kosa lilikuwa kutotofautisha takataka ya jana na gogo la miaka 200. Halafu, Desemba 1964, mvua ya joto ilinyesha juu ya theluji, Oregon ikapata mafuriko makubwa ambayo wazee bado wanayahesabia miaka. Madaraja yalikwenda na nyumba zikaenda. Magogo yalikutwa yamelundikana penye madaraja, yakahukumiwa bila kesi. Baada ya hapo matingatinga yaliingizwa mitoni kwa wingi. Kijito cha Whychus, karibu na mji mdogo wa Sisters, kilinyooshwa katika uwanda wa Camp Polk, kikageuzwa mfereji.

Mto ukinyooshwa hufupika, na mteremko wake huwa mkali zaidi kwa sababu unashuka kimo kilekile kwa umbali mdogo. Maji hupata nguvu. Nguvu hiyo huchimba sakafu, mto ukazama ndani ya ardhi yake mwenyewe. Ukishazama, mafuriko hayamwagiki tena uwandani. Yote hupita katika mtaro uleule na kuuchimba zaidi. Maji ya chini ya ardhi hushuka yakiufuata, mizizi ya miti ya kando ikabaki juu, kingo zikaanza kuporomoka. Changarawe nyepesi huondoka, mawe mazito yakabaki yamebanana kama sakafu ya lami. Hakuna anayehitaji kuugusa tena: mto huendelea kujiharibu wenyewe.

Kwenye tawi la kusini la mto McKenzie lilikuja pigo jingine. Mwaka 1963 Kikosi cha Wahandisi kilimaliza bwawa la Cougar, ukuta wa mawe uliojengwa kuzuia mafuriko na kuzalisha umeme. Nyuma yake maili nyingi za mto mzuri wa kutagia zilifungwa. Mbele yake, tawi hilo likakosa vitu vitatu: mafuriko ya kulisogeza, changarawe mpya na magogo mapya, kwa sababu vyote vitatu vilizuiwa na bwawa. Hata joto la maji liliharibika. Maji yalitolewa chini ya ziwa, yakawa baridi kupita kiasi wakati wa kiangazi na ya vuguvugu wakati wa vuli, mayai yakaanguliwa kabla ya wakati wake. Hilo la joto lilirekebishwa kwa mnara maalumu wa kuchukulia maji, uliokamilika 2005, yaani baada ya miaka zaidi ya 40.

Mgeuko wa mawazo ulianzia jirani kabisa. Milima michache kutoka bwawa hilo, katika bonde la kijito cha Lookout kinachoishia kwenye mfumo huohuo wa McKenzie, kuna msitu wa majaribio wa H.J. Andrews. Serikali iliutenga mwaka 1948 kwa ajili ya kutafiti njia bora za kuvuna miti. Ilipofika mwaka 1970 hivi, wanasayansi wa fani mbalimbali walikusanywa humo chini ya mradi wa kimataifa wa biolojia. Fred Swanson alikuwa mwanajiolojia, James Sedell alikuwa mtaalamu wa viumbe wa mtoni. Ni bahati ya aina yake kwamba wawili hao walitembea kijito kimoja, kwa sababu kila mmoja alikiona kitu ambacho mwenzake alikikanyaga. Katika vijito kama Mack, vinavyopita chini ya misonobari ya karne kadhaa, walikuta mbao kila hatua, na baadhi ya magogo yalikuwa yamelala pale tangu kabla ya walowezi kufika. Kijito kilikuwa kimejengwa kwa ngazi: gogo, kidimbwi, changarawe, gogo.

Mwaka 1976 Swanson, Sedell na mwenzao George Lienkaemper walitoa ripoti fupi ya Shirika la Misitu la Marekani iliyoeleza historia ya mbao katika vijito vya magharibi mwa Oregon na kazi zake. Kwa lugha ya upole ya kisayansi, ilisema kwamba gogo si uchafu wa mto. Ni sehemu ya mto. Huko mashariki mwa Marekani, katika msitu wa Hubbard Brook, Robert Bilby na Gene Likens wakaonyesha mwaka 1980 kwamba katika vijito vidogo kabisa karibu robo tatu ya majani na masalio ya mimea yaliyomo hushikiliwa na vizuizi vya matawi. Ukiviondoa, chakula cha wadudu kinakwenda na maji, na wadudu ndio chakula cha kifaranga. Sedell naye aliingia kwenye makabati ya nyaraka. Alisoma ripoti za kila mwaka za wahandisi wa jeshi, shajara za wapima ardhi na ramani za zamani, akajumlisha visiki. Ile hesabu ya Willamette niliyoitaja hapo juu ni kazi yake na Judith Froggatt, iliyochapishwa 1984. Kwangu hiyo ndiyo sehemu tamu kuliko zote za kisa hiki: mtaalamu wa samaki aliyegundua kwamba swali lake lina jibu katika maktaba ya jeshi, kwa kuwa hakuna mtu aliye hai aliyewahi kuuona mto mzima.

Kuelewa hakukuleta dawa palepale. Katika miaka ya 1980 fedha zilipatikana, na wahandisi wakarudisha magogo kama wahandisi: moja moja, yamepangwa kwa nafasi sawa, yamefungwa kwa kebo za chuma na kugandishwa kwenye mwamba kwa gundi. Wengine walijaza mawe kwenye vizimba vya waya wakavitega kukatiza kijito. Mwaka 1992 Christopher Frissell na Richard Nawa walichapisha ukaguzi wa vitu 161 vya namna hiyo katika vijito 15 vya Oregon na Washington, baada ya mafuriko ambayo hayakuwa hata ya kutisha. Katika kijito cha kati kwa kiwango, asilimia 18.5 ya vitu hivyo vilikuwa vimeshindwa kabisa, na ukijumlisha vilivyoharibika idadi ilifika asilimia 60. Mto ulikuwa unavicheka. Tatizo halikuwa kebo dhaifu. Watu walikuwa wanajaribu kuweka samani katika nyumba ambayo kuta zake zinabomoka.

Wakati huohuo hali ya samaki ilizidi kuwa mbaya. Mwaka 1991 Willa Nehlsen, Jack Williams na James Lichatowich waliorodhesha koo 214 za samoni na jamaa zao wa Pwani ya Pasifiki zilizokuwa hatarini au za kutiliwa mashaka. Mwaka 1999 samoni wa Chinook wa bonde la juu la Willamette, wakiwemo wa McKenzie, waliingizwa katika orodha ya sheria ya viumbe walio hatarini kutoweka. Sheria hiyo ya 1973 ina meno, na kuanzia hapo hakuna idara iliyoweza kusema samoni si kazi yake.

Kule Washington, Tim Abbe na David Montgomery walikuwa wameuchunguza mto Queets, ambao sehemu kubwa yake iko ndani ya hifadhi ya taifa na haikuwahi kufagiliwa. Makala yao ya 1996 ilieleza jinsi marundo makubwa ya magogo yanavyojipanga yenyewe, gogo kuu lenye mizizi likitangulia, na jinsi yanavyokaa mahali pamoja kwa muda wa kutosha msitu kuota juu yake. Abbe akaanza kujenga marundo kwa kuiga mfano huo. Kabila la Lower Elwha Klallam, ambalo lilikuwa likipigania mto Elwha kwa miongo mingi, lilikuwa kati ya waliotangulia kuyatumia. Nguvu ya makabila katika mambo haya ilitokana na hukumu ya Jaji George Boldt ya Februari 1974, iliyosema mikataba ya karne ya 19 inawapa haki ya nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa. Nusu ya mto usio na samaki ni sifuri. Kwa hiyo makabila yakaajiri wataalamu wao na kuingia mtoni.

Bado lilibaki swali moja ambalo halikuulizwa. Ukitengeneza mto, unautengeneza uwe na umbo gani? Vitabu vilichora mkondo mmoja unaojipinda kwa madaha kati ya kingo mbili, na mbinu za Dave Rosgen za kuuiga mkondo huo zilikuwa zimeenea Marekani nzima. Mwaka 2008 Robert Walter na Dorothy Merritts walichapisha katika jarida la Science utafiti wa vijito vya Pennsylvania na majirani zake. Walionyesha kwamba mkondo huo mzuri wa vitabuni ulikuwa kwa sehemu kubwa mabaki ya mabwawa ya vinu vya kusagia yaliyojaa udongo na kisha kupasuka. Kabla ya vinu, mabonde yale yalikuwa vinamasi vyenye vijia vidogo vingi. Wataalamu walikuwa wanaiga kidonda wakidhani ni ngozi.

Brian Cluer, wa idara ya serikali inayosimamia uvuvi wa baharini, na Mwingereza Colin Thorne wa Chuo Kikuu cha Nottingham waliliweka jambo hilo katika mchoro, katika makala iliyochapishwa 2014. Michoro ya zamani ya mabadiliko ya mito ilianza na hatua ya kwanza, mkondo mmoja. Wao wakatangulizia hatua ya sifuri: bonde lenye mtandao wa vijia, maji yanayomwagika kila mwaka, na magogo kila mahali. Kisha wakapima kila hatua kwa faida zake kwa viumbe, na hatua ya sifuri ikawa juu ya zote.

Mchoro ulipata mikono Oregon. Paul Powers, mtaalamu wa samaki wa Shirika la Misitu, na wenzake walibuni namna ya kuufikia. Hupima mteremko wa bonde lote kwa picha za leza kutoka angani, huchora mstari wa pale uwanda ulipokuwa kabla ya mto kuzama, kisha hukata ardhi iliyo juu ya mstari na kujaza iliyo chini yake. Mkondo hawauchori kabisa. Hutawanya magogo mengi yasiyofungwa kwa chochote, hufungulia maji, na kuuacha mto uamue. Camp Polk, kule Whychus, maji yalikuwa yamerudishwa 2012 katika mkondo uliochorwa kwa mtindo wa zamani. Miaka minne baadaye, chini kidogo ya hapo, njia mpya ilitumika kwenye kijito hichohicho. Kwa mhandisi aliyesomea kudhibiti maji, kuacha ni kazi ngumu kuliko kuchimba.

Kiangazi cha 2018 ikawa zamu ya tawi la kusini la McKenzie, chini ya bwawa la Cougar. Shirika la Misitu na baraza la bonde la McKenzie walikuta mtaro wa mawe makubwa, na kandokando matuta ya udongo yaliyozuia maji yasiingie msituni. Samaki walihamishwa kwanza, maji yakageuzwa. Vijiko na malori vikabomoa matuta na kuyafukia ndani ya mtaro, mpaka mto uliokuwapo asubuhi haukuonekana tena jioni. Kisha yakaja magogo kwa maelfu, mengine na mizizi yake. Picha za kazi hiyo zinamtisha asiyejua: ekari zaidi ya 100 za ardhi iliyovurugwa, miti imelala ovyo kana kwamba kimbunga kimepita. Maji yalipofunguliwa yalisambaa, yakagawanyika, yakapotea chini ya vichaka na kutokea kwingine. Changarawe ndogo ikaanza kutua. Miaka iliyofuata samoni walitaga katika vijia ambavyo havikuwa kwenye ramani yoyote.

Tarehe 7 Septemba 2020, upepo mkali wa mashariki ukivuma, moto ulioitwa Holiday Farm uliwaka katika bonde la McKenzie. Uliteketeza ekari zaidi ya 170,000 na karibu kijiji chote cha Blue River. Ulipita pia juu ya eneo lililofanyiwa kazi. Watafiti walioandika mwaka 2022 walieleza jinsi uwanda ule wenye maji mengi ulivyoungua sehemu na kusalimika sehemu, wakapendekeza kwamba mto ulioachwa usambae unaweza kuwa kimbilio la viumbe wakati wa moto. Wakazi wa mji wa Eugene, ambao maji yao ya kunywa hutoka McKenzie, walikuwa na sababu yao ya kufuatilia: majivu na tope kutoka milimani vinahitaji mahali pa kutua kabla ya kufika kwenye bomba. Miaka mitatu baadaye, moto wa Lookout uliunguza sehemu kubwa ya msitu wa Andrews wenyewe, kule Swanson na Sedell walikoanzia. Miti iliyokufa humo itaanguka mtoni kwa miongo ijayo, na safari hii hakuna atakayetumwa kuilipua.

Njia hii ina wapinzani, nao wasipuuzwe. Waendesha mashua, katika mto uliotoa jina la aina mashuhuri ya mashua za uvuvi, wanasema magogo yasiyofungwa yanaua watu, na ni kweli mtu anaweza kunaswa chini yake. Wengine wanauliza kama maji yaliyotandazwa kwa kina kifupi hayatapata joto kupita anachoweza kustahimili samoni, au kama samaki mkubwa atapita kiangazi. Tena, inafaa tu penye bonde pana lenye mteremko mdogo. Penye shamba, nyumba au barabara ukingoni haifai. Na si haba kusema kwamba umati wa wataalamu wanaokubaliana jambo moja kwa shauku unapaswa kutupa wasiwasi, kwa kuwa waliolipua magogo mwaka 1955 walikubaliana vilevile.

Hata hivyo, kati ya kufagia na kuacha, ushahidi wa miaka 50 umelala upande wa kuacha. Kilichobaki ni kikubwa kuliko magogo. Mwaka 2021 jaji wa shirikisho Marco Hernández aliamuru Kikosi cha Wahandisi kibadili uendeshaji wa mabwawa ya bonde la Willamette, Cougar likiwamo, ili samaki wadogo wapate kushuka. Bwawa lenyewe lipo. Halitoi changarawe wala gogo kwa uwanda ulio chini yake, kwa hiyo kila kinachopungua pale itabidi kiletwe kwa mashine. Na Chinook anayetaka kwenda kutaga juu ya ukuta huo, tangu kituo cha kumnasia kilipojengwa mwaka 2010, hupandishwa kwa lori.